Siku Tulipokataa Kupuliza Vumbi la Breki

Trekta ya kwanza niliyoifunga breki kwa mikono yangu haikusimama. Ilitoka karakanani dereva akitabasamu, ikafika kwenye mstari wa chaki alipotakiwa kukanyaga breki, ikaupita, ikalipita pipa la maji, ikaingia kwenye bustani ya sukuma wiki ya mpishi wa kiwanda na kutulia katikati ya mboga. Mpishi alitoka na mwiko mkononi. Dereva alikuwa bado anakanyaga. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya rundo la plau.

Nawaambia hili kwanza, vijana wangu wa gereji, ili msidhani anayewasimulia alizaliwa akijua kazi.

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Migori. Tulitengeneza plau za ng'ombe na matrela ya kubebea miwa, na tulikarabati trekta kuukuu hadi mwenyewe akija kuichukua anauliza kama kweli ni yake. Mimi nilikuwa chumba cha breki, na humo nilikaa karibu maisha yangu yote ya kazi. Jina langu ni Adongo, lakini kwa vile nilizaliwa Kendu Bay, kila mtu aliniita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu. Hata barua yangu ya kustaafu karani aliiandika "Nyar Kendu" ikabidi irudishwe.

Chumbani tulikuwa wanawake sita na mwanamume mmoja. Meneja aliamini wanawake wana subira ya kupiga ribiti, ile misumari mifupi ya kubania bamba. Mwanamume huyo mmoja alikuwa fundi wetu mkuu, Ochola, ambaye sote tulimwita Jaduong', yaani mzee, kwa heshima, hata kabla hajaota mvi. Siku ile ya sukuma wiki hakunipigia kelele. Alilifungua lile gurudumu, akatoa kiatu cha breki, akaniita.

"Njoo uone. Hii lainingi umeanza kuipiga ribiti wapi?"

Lainingi ni lile bamba la kijivu linaloshikwa na kiatu cha breki, ndilo linalosugua ngoma mpaka gurudumu lisimame. "Nimeanza huku mwisho," nikasema.

"Ndiyo maana imevimba tumbo. Anza katikati, Nyar Kendu. Katikati, halafu kushoto, halafu kulia, kama unatandika shuka. Ukimaliza, igonge na nyundo ndogo. Ikilia kama sahani, imeshika. Ikilia kama debe bovu, toa yote uanze tena."

Akanifundisha pia kupaka chaki ndani ya ngoma, kuizungusha mara moja, kisha kuangalia kiatu: pale ambapo chaki haikufika, breki haitashika. Mambo hayo bado yanafanya kazi hadi leo, na hayahitaji simu wala kompyuta. Jaribuni.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Lainingi za siku zile zilikuja nzima bila matundu. Tulizitoboa kwa keekee, tukazipiga tupa kingo zake, na zile kuukuu zilizokuja na trekta tulizipuliza kwa mpira wa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ili ngoma ing'ae. Kila kitendo kati ya hivyo kilitoa vumbi. Lilikuwa laini kuliko unga wa mtama. Lilikaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mikunjo ya shingo. Wenzetu wa plau walikuwa wakituona tunatoka kwenda kula na kupiga kelele, "Wasaga unga hao! Leteni ugali!" Nasi tulicheka. Nilikuwa naenda nyumbani na ovaroli yangu, naifulia kwenye beseni lile lile la nguo za watoto. Binti yangu mkubwa alizoea kunikimbilia na kunikumbatia magoti kabla sijaivua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, na nitawaambia lilivyokwisha.

Na kuna jingine. Kila mgeni aliyeletwa chumbani kwetu, aliyemfundisha kupuliza ni mimi. Nilikuwa hodari wa mpira ule. Nilijua kuuelekeza pembeni ili vumbi litoke kwa mkupuo mmoja. Nilijisifu.

Jaduong' Ochola alianza kukatika pumzi taratibu. Kati ya kituo cha basi na lango letu kuna mteremko, na asubuhi ni mlima. Kwanza alikuwa anasimama mara moja, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Baadaye akawa anafunga kamba mara tatu. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, hakitoi kitu. Zahanati ya kiwanda ilimpa dawa za mafua, kisha za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu, na mwisho mhudumu akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mvutaji sigara.

Vijana, Ochola alikuwa Msabato wa kuzaliwa. Hata chai ya majani hakunywa; alikuja na chupa yake ya maji moto na limau. Lakini karatasi ikishaandikwa inatembea. Habari ilifika kwao Kendu Bay, maana naye ni wa huko, na watu kanisani wakaanza kunong'ona kwamba mzee anavuta kwa siri huko Migori. Hakuna aliyemfukuza. Yeye mwenyewe alijiuzulu uzee wa kanisa, akakaa viti vya nyuma.

"Watu wakiangalia midomo yangu badala ya kusikiliza neno," aliniambia, "nitasimama mbele kufanya nini?"

Niliona uso wake siku hiyo, na nikamwambia Jumatatu hatuji kazini, tunaenda Homa Bay kuonana na daktari wa kifua. Alikataa. Nikamwambia basi nitaenda peke yangu nijifanye yeye. Akacheka mpaka akakohoa, na Jumatatu tukaenda.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko binti yangu. Alisikiliza mgongo wa Jaduong' kwa muda mrefu, chini kabisa ya mbavu, akamwambia avute pumzi tena, na tena. Akaangalia vidole vyake, ncha zilivyokuwa zimevimba kama vijiti vya ngoma. Akatazama eksirei dirishani. Kisha akauliza swali ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mzee, umefanya kazi gani maishani?"

"Breki za trekta, daktari."

"Unafanyaje hizo breki?"

Akamweleza. Keekee, tupa, kompresa. Daktari akaacha kuandika.

"Nani mwingine anafanya hiyo kazi?"

Jaduong' akanigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshika mkoba wake. Daktari akaniangalia.

Alituambia kuna madini yanaitwa asbesto. Hayaungui, ndiyo maana yalipendwa sana kwenye breki, klachi na gasketi, na hata kwenye mabati ya zamani ya paa. Vumbi lake ni nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na mapafu yanashika makovu polepole, kwa miaka, mpaka yanakuwa magumu. "Lakini siwezi kuandika jina hilo kwa kukisia," akasema. "Nileteeni uthibitisho wa kilichokuwa ndani ya hizo breki."

Kesho yake nilikwenda stoo. Mlinzi wa stoo aliitwa Mwita, Mkuria mwenye maneno machache, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna anayevuka kaunta. Lainingi alizitoa yeye kwenye maboksi huko ndani, akatupimia kwa idadi. Kwa hiyo sisi wa chumba cha breki hatukuwahi hata siku moja kuona boksi lenyewe.

"Mwita, nataka kuona boksi ya lainingi."

"Ya nini?"

Nikamwambia yote, pamoja na ule uvumi wa sigara. Alimjua Ochola vizuri. Walikuwa wakila pamoja mchana. Kisha akaingia ndani, akarudi na boksi tupu, akaliweka juu ya kaunta, upande wenye maandishi ukinitazama. Yalikuwa madogo, kwa Kiingereza, chini kabisa. Nilisoma mpaka darasa la saba, lakini hayo niliyaelewa: ina asbesto, usivute vumbi lake, usipulize, loanisha kwa maji.

"Mimi nilidhani nyinyi mnajua," Mwita akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haki ya Mungu, nilidhani mliambiwa."

"Nikilichukua utafukuzwa."

"Chukua. Mtu akiuliza, sema Mwita amekupa. Mimi nitasema hivyo hivyo."

Nimekutana na watu wengi waliosema maneno makubwa. Hayo ya Mwita yalikuwa machache na alikuwa na watoto watano.

Boksi hilo nililibeba kwanza chumbani kwetu, sio Homa Bay. Nililiweka mezani, nikawasomea wenzangu, nikatafsiri neno kwa neno. Kisha nikawaomba msamaha, kwa kuwa ni mimi niliyewashikisha mpira. Nilitegemea wanitukane. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha miaka miwili tu kabla, alisimama, akaenda ukutani, akafunga koki ya hewa, akaketi. Asubuhi iliyofuata tulikuja na ndoo, sabuni na matambara, na tangu siku hiyo hakuna mkono wa chumba cha breki uliofungua ile koki.

Meneja alifika kabla ya saa nne. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu wa haraka.

"Nini hii maji? Mnaosha breki kama sufuria? Trekta itateleza iue mtu!"

"Haitateleza."

"Nyar Kendu, wewe si ndiye uliwahi kuipeleka trekta kwenye sukuma wiki?"

Karakana nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwambia, "Ndiyo mimi. Basi nipe trekta moja leo. Tutaosha breki zake kwa maji, na jioni tutaishusha huo mteremko wa langoni ikiwa na trela la mawe. Isiposimama, tutarudi kwenye kompresa."

Wenzangu waliniangalia kama nimerukwa na akili. Lakini nilijua nilichokuwa nakisema, na nanyi mkijue. Kiatu na ngoma ukiviosha kwa maji ya sabuni, ukavifuta kwa tambara lenye unyevu, hakuna vumbi linaloruka. Lote linabaki kwenye tambara, na tambara linaingia kwenye mfuko na mfuko unafungwa. Ni kweli breki iliyolowa inateleza. Dawa yake ni kuiacha ikauke, kisha kuendesha polepole uwanjani huku ukigusa breki kidogo kidogo, mara kumi au zaidi, mpaka ipate joto. Ukimaliza inashika kuliko ile iliyopulizwa, kwa kuwa kompresa inaondoa vumbi lakini grisi inaiacha.

Jioni watu wa plau waliacha kazi, wa matrela wakaacha, mpishi akatoka na mwiko wake ule ule, nadhani. Dereva alipanda. Jaduong' Ochola alikuwa amekuja, ingawa alikuwa likizo ya ugonjwa. Aliketi kwenye tairi kuukuu pale chini ya mteremko, karibu kabisa na mstari wa chaki ambao trekta haikutakiwa kuuvuka.

"Jaduong', ondoka hapo," nikamwambia.

"Breki umefunga wewe?"

"Ndiyo."

"Umeanza katikati?"

"Ndiyo."

"Basi niache nikae."

Trekta ikaachiwa. Ilishuka na mawe yake ikinguruma, mimi nikihesabu nguzo za ua, na mstari ulipokaribia dereva akakanyaga. Mawe yaliruka ndani ya trela. Magurudumu yalishika kama yamepigiliwa misumari, na pua ya trekta ilisimama kabla ya mstari, Ochola akiwa anaweza kuigusa kwa kunyoosha mkono. Akaigusa kweli. Ile kelele iliyopigwa siku hiyo niliisikia masikioni wiki nzima. Wale waliotuita wasaga unga walitubeba mabegani, na mimi si mwepesi.

Meneja alizunguka trekta, akainama, akachungulia gurudumu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo boksi iko wapi?"

Siku hiyo hiyo nilimwonyesha. Lakini kampuni si mtu mmoja, na wakubwa wake walitaka mambo yaishe kimya. Tuliandika barua kupitia chama chetu cha wafanyakazi, na mkaguzi wa serikali akapangiwa kuja. Jumamosi kabla ya kufika kwake, chumba chetu kilifagiliwa, kikaoshwa, kikapakwa rangi nyeupe. Mkaguzi alipoingia alikuta chumba safi kuliko zahanati. Mkubwa aliyetoka makao makuu alitabasamu. "Unaona mwenyewe, bwana. Vumbi liko wapi?"

Nikaomba ngazi. Mwaka mmoja nyuma mimi ndiye niliyebadilisha taa ya chumba hicho, na nilijua mfagiaji huwa haangalii juu. Nilifunga kitambaa chenye maji puani na mdomoni, nikapanda mpaka kwenye boriti iliyo juu ya taa, nikaweka tambara lenye unyevu juu yake, nikalivuta taratibu. Lilirudi limebeba blanketi la kijivu nene kama kidole changu.

"Ishia hapo, mama," mkaguzi akasema. "Usiguse tena. Wote tokeni nje."

Alifunga tambara lile kwenye mifuko miwili, akaipeleka Nairobi kupimwa, na mlango wa chumba cha breki akaupiga muhuri. Majibu yaliporudi, yalisema vile vile boksi lilivyosema.

Tulikaa nje ya chumba hicho miezi mitatu. Watu waliovaa nguo za kufunika mwili mzima waliingia wakakisafisha kwa maji na mashine ya kufyonza, na masalio yote ya lainingi za zamani yakatolewa kwa lori na kuzikwa panapostahili. Tuliporudi tulikuta sinki, mabafu, kabati za nguo, na mashine ya kufulia ovaroli hapo hapo kiwandani. Hakuna ovaroli iliyotoka langoni tena. Lainingi mpya zilikuja na maboksi yake mpaka mezani petu, na Mwita mwenyewe alizileta, akatusomea kwa sauti: haina asbesto. Alikuwa bado na kazi yake. Alikuja kustaafu akiwa mkuu wa stoo.

Sote tulipigwa eksirei. Meneja pia, kwa kuwa naye alikuwa akisimama kati yetu kila siku. Nilimwona kwenye foleni amekunja kofia mikononi, nikamsogezea nafasi kwenye benchi. Mapafu yangu yana alama ndogo. Naenda Homa Bay kila mwaka, yule daktari ananisikiliza mgongo, na mpaka sasa alama hazijakua. Binti yangu nilimpeleka akiwa tayari mama wa watoto wawili. Siku daktari aliposema mapafu yake ni safi, nilitoka nje ya jengo, nikapiga kelele ya furaha hadi mlinzi akaja mbio.

Nimestaafu, lakini sikukaa. Nimekwenda gereji za Kendu Bay, za Kisegi, na hata Ogwedhi, ambako siku ya mnada wa ng'ombe malori hupanga mstari kutengenezwa. Huko bado kuna spea kuukuu na za magendo zisizo na maandishi. Kwa hiyo shikeni haya: kama hujui kilichomo, chukulia kuwa asbesto imo. Omba boksi. Hakuna kupuliza, hakuna kupiga tupa pakavu, hakuna kufagia bila kunyunyiza maji. Tambara la leso au la nguo ukilifunga mdomoni halizuii nyuzi hizo, kwa hiyo usijidanganye nalo. Maji ndiyo yanayozuia vumbi lisiruke. Na ovaroli usiende nayo kwa watoto. Tajiri wa gereji akikucheka, mwambie aje aongee nami. Nina muda mwingi sasa.

Nimebakiza jambo moja. Daktari alipopata boksi na majibu ya Nairobi, aliandika karatasi mpya ya Jaduong' Ochola. Fidia yake ya kisheria aliipata, ila siyo hiyo aliyoisubiri. Alinipigia simu: "Nyar Kendu, Sabato hii uje nyumbani. Uje na miwani."

Nilikwenda Kendu Bay. Mimi ni Mkatoliki na sikuwa nimewahi kuingia kanisani kwao. Alikuwa amekonda, na mwanawe alimbebea chupa ya hewa yenye mrija wa puani. Wakati wa matangazo alinisukuma kidogo kiwiko, nikasimama mbele ya watu wote, nikasoma ile karatasi ya daktari: mgonjwa huyu hajawahi kuvuta sigara, ugonjwa wake umetokana na vumbi la asbesto alilolivuta kazini. Nilirudia kwa Dholuo, ili hata bibi aliyeketi nyuma kabisa asikie.

Kisha mchungaji akashuka, akamshika Ochola mkono, akamwongoza kutoka kiti cha nyuma hadi mbele, polepole, wakisimama njiani mara mbili. Watu walisimama wote. Mama mmoja alianza kulia, akasema kwa sauti, "Jaduong', utusamehe."

Ochola aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa anacheka.

"Msilie," akasema. "Mimi nimekuja kuimba."

Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, kwa sauti yake nzito. Aliweza maneno manne, matano, kisha pumzi ikakatika. Hakuna aliyempokea ule wimbo mdomoni. Watu mia na zaidi tulisimama kimya, tukamsubiri avute hewa yake, akaendelea, tukamsubiri tena, na tena, mpaka alipoufikisha mwisho mwenyewe.